Je, Wajua? Nani Hufuta Maneno Yako Mtandaoni

Je, wajua kwamba kumdhihaki msichana wa Kegonga kwa kuwa hajakeketwa ni kosa la jinai? Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji ya mwaka 2011 kinasema hivyo waziwazi. Anayetumia matusi au kejeli ili kumwaibisha mwanamke ambaye hajakeketwa, au kumcheka mwanamume aliyemwoa mwanamke kama huyo, anaweza kufungwa kwa muda usiopungua miezi 6, au kutozwa faini isiyopungua shilingi 50,000, au adhabu zote mbili. Kifungu hakikutaja mahali. Tusi ni tusi likitamkwa kisimani, likipigiwa kelele sokoni au likiandikwa chini ya picha ya mtu Facebook.

Nimeanza na kifungu hicho makusudi. Wengi wakisikia habari ya kuchuja maneno mitandaoni hufikiria Marekani na Ulaya. Kegonga ndiyo makao ya kaunti ndogo ya Kuria Mashariki, Migori, na huku swali la nani aachwe aseme na nani alindwe na maneno ya wengine hurudi kila Desemba, shule zinapofungwa na msimu wa tohara kuwadia. Kifungu cha 25 nakiunga mkono bila kusita, kwa sababu kinalenga neno linalomsukuma mtoto kwenye wembe. Hakimgusi aliyesema jambo la kuudhi tu. Machi 2021 Mahakama Kuu iliikataa kesi ya daktari mmoja aliyetaka sheria hiyo itupwe kwa hoja kwamba mwanamke mzima ana hiari ya mwili wake.

Wajua kwamba kupiga picha ya mtoto wa mtu hakukupi haki ya kuichapisha? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yadai ridhaa ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila ridhaa ya wazazi. Anayesimama kando ya barabara na kurekodi msafara wa tohara, sura za wasichana zikionekana, na ajiulize kuhusu sheria hiyo kabla ya kubonyeza.

Je, wajua Katiba ya Kenya yenyewe imeweka mipaka minne? Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, kisha kinasema uhuru huo hauhusu propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki, wala uenezaji wa chuki unaochochea watu dhidi ya kabila fulani, unaotukana na kudhalilisha wengine, au unaobagua. Kinaongeza kwamba anayesema ataheshimu haki na jina la mwenzake. Kumkera mkubwa hakumo katika orodha hiyo. Kumcheka waziri hakumo. Kukosea hakumo.

Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, ndiyo inayotoa adhabu ya chuki ya kikabila: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili.

Wajua sheria hiyo ilizaliwa wapi? Ilitoka kwenye moto wa uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Mitandao ya kijamii ilikuwa bado michanga. Chuki ilipita redioni, kwenye vikaratasi na kwenye ujumbe mfupi wa simu. Serikali ilifikiria kuzima ujumbe mfupi nchi nzima. Michael Joseph, aliyeongoza Safaricom wakati huo, aliwashawishi wakuu waache, na badala yake kampuni ikatuma jumbe za amani kwa wateja wake. Januari 2008 hiyohiyo, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia waliunda Ushahidi, programu iliyomwezesha mwananchi kutuma ujumbe wa simu kueleza ghasia alizoziona, zikaonekana kwenye ramani. Taifa lilikuwa linachomeka, na bado palipatikana njia isiyokuwa ya kuzima kila kitu. Jambo hilo nalikumbuka kila ninaposikia afisa akisema hakuna njia nyingine.

Je, wajua kwamba wakati mmoja ujumbe wa siasa kwa lugha ya mama ulikatazwa kwenye simu? Juni 2012 Safaricom ilitoa kanuni kwa wanasiasa waliotaka kutuma jumbe kwa watu wengi kwa mkupuo: maandishi yafikishwe kwa kampuni saa 48 kabla, na yawe kwa Kiingereza au Kiswahili pekee. Sababu ilikuwa ya kueleweka, kwani kampuni haikuwa na wa kusoma kila lugha. Ila fikiria bibi wa Ntimaru, huku Kuria Mashariki, asiyesoma Kiswahili vizuri. Hakuna aliyemnyima haki kwa kusudi. Lugha yake tu ndiyo haikuwa na msomaji.

Hilo la msomaji ndilo shina la mambo yote haya. Wakuria wa Kenya walipita 300,000 katika sensa ya 2019, na wenzao wengi wako ng'ambo ya mpaka, Tarime, Tanzania. Dholuo, lugha ya majirani wa Migori na Homa Bay, iliingia kwenye huduma ya tafsiri ya Google Juni 2024. Mashine inajifunza lugha kwa wingi wa maandishi, na Kikuria kinazungumzwa zaidi kuliko kinavyoandikwa. Tusi la Kikuria likirushwa usiku wa leo, mashine inaliona kama mfululizo wa herufi. Na maneno mema ya Kikuria yanayofanana na tusi la lugha nyingine yanaweza kufutwa, mwenyewe asijue amekosa nini.

Hata Kiswahili chenyewe, chenye wasemaji makumi ya mamilioni, hakijapona. Julai 2022, majuma machache kabla ya uchaguzi wa Agosti 9, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliipima Facebook. Yalitunga matangazo ya chuki ya kikabila yenye wito wa mauaji, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, yakayapeleka yaidhinishwe, kisha yakayaondoa kabla hayajaonekana na mtu. Ya Kiswahili yalipita. Ya Kiingereza yalikataliwa mara ya kwanza, na sababu iliyotolewa ilihusu sarufi na lugha chafu. Waliporekebisha makosa hayo madogo, nayo yakapita. Rudia kusoma: wito wa kuua watu ulizuiwa kwa kosa la sarufi.

Tume ya Uwiano na Utangamano, NCIC, ilikasirika na kuipa Facebook siku 7 ijirekebishe la sivyo isimamishwe. Mawaziri Joe Mucheru na Fred Matiang'i walitoka haraka kusema serikali haina mpango wa kufunga mtandao wowote. Tishio likaisha. Hasira ya tume ilikuwa ya haki, dawa yake ndiyo haikufaa: ungewafungia mdomo mamilioni kwa sababu kampuni haijaajiri wasomaji wa kutosha.

TikTok nayo? Juni 2022 mtafiti Odanga Madung, akiandikia shirika la Mozilla, alionyesha video zaidi ya 130 za chuki na uongo wa kisiasa kuhusu Kenya zilizokuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni 4. Agosti 2023 ombi la kutaka TikTok ipigwe marufuku lilifika Bungeni, na mwezi huohuo Rais William Ruto akazungumza na mkuu wa kampuni, Shou Zi Chew, wakakubaliana uchujaji uimarishwe. Kati ya Januari na Machi 2025, TikTok ilisema imefuta video zaidi ya 450,000 za Kenya. Idadi ni kubwa, lakini haisemi ngapi zilifutwa kwa makosa, wala zilikuwa za lugha gani.

Basi nani anayefuta?

Wajua kwamba kwa miaka kadhaa wengi wa waliokagua Facebook kwa niaba ya nchi za Afrika Mashariki na Kusini walikaa Nairobi? Kuanzia 2019 kampuni ya Sama iliajiri vijana kutoka Kenya, Ethiopia, Somalia, Uganda, Afrika Kusini na kwingineko, kila mmoja kwa lugha zake. Kazi ilikuwa hivi. Video au chapisho linatokea kwenye kioo. Unatazama. Unaamua: lifutwe, libaki, au lipelekwe juu. Jarida la TIME, katika taarifa yake ya Februari 2022, liliandika kwamba walitarajiwa kumaliza kila moja kwa takriban sekunde 50, na kwamba baadhi yao walilipwa kiasi cha dola 1.50 kwa saa. Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini, alisema video ya kwanza aliyokumbuka kuiona kazini ilikuwa ya mtu akikatwa kichwa. Alijaribu kuwaunganisha wenzake wadai hali bora, akafutwa kazi, na Mei 2022 akaenda mahakamani Nairobi kuishtaki Sama na Meta.

Sekunde 50 za kuamua kama neno ni utani wa watani wa jadi, wito wa vita, au mtu anayelia. Mjumbe wa mtaa angehitaji siku nzima kuwasikiliza wenye kesi hiyo.

Meta ilidai haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa haina ofisi wala shughuli hapa. Februari 2023 Jaji Jacob Gakeri wa Mahakama ya Uajiri aliikatalia. Machi mwaka huohuo wafanyakazi zaidi ya 180 nao wakafungua kesi baada ya Sama kutangaza kuacha kazi ya uchujaji. Siku ya Wafanyakazi, Mei 1, 2023, zaidi ya 150 walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikatupa rufaa za Meta. Kisha zikaja ripoti za daktari. Dkt. Ian Kanyanya wa Hospitali Kuu ya Kenyatta aliwapima wafanyakazi 144 waliojitolea, na asilimia 81 yao walionekana kuwa na ugonjwa mkali wa kiwewe. Wanaotaka mitandao isafishwe, na mimi ni mmoja wao, wajue usafi huo umepita katika macho ya nani.

Je, wajua kwamba mtu anaweza kuuawa na chapisho lililoachwa? Oktoba 2021 huko Bahir Dar, Ethiopia, Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu na Mtigray kwa kabila, aliandikwa Facebook kama adui. Machapisho yalitaja jina lake, kazi yake na mahali anapoishi. Mwanawe, Abrham Meareg, aliripoti kwa kampuni. Novemba 3, 2021, profesa alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Jibu la Facebook kwamba chapisho mojawapo lilikiuka kanuni lilifika siku 8 baada ya kifo. Desemba 2022 Abrham, pamoja na Fisseha Tekle na Taasisi ya Katiba, waliishtaki Meta jijini Nairobi, kwa kuwa ndiko wakaguzi wa lugha za Ethiopia walikokuwa. Aprili 3, 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza kesi hiyo.

Na je, wajua kwamba mtu anaweza kufa kwa sababu ya chapisho ambalo mwenye cheo alitaka lisiandikwe? Hili halikutokea mbali. Jumamosi, Juni 7, 2025, polisi walifika kijijini Kakoth, Kaunti ya Homa Bay, wakamchukua Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu wa miaka 31, nyumbani kwao. Tuhuma ilikuwa uchapishaji wa habari za uongo kwenye X kumhusu Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi, Eliud Lagat. Hakupelekwa mahakama ya karibu. Alisafirishwa hadi kituo kikuu cha polisi cha Nairobi, mamia ya kilomita. Kesho yake alikuwa maiti. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Uchunguzi wa maiti ulioongozwa na Dkt. Bernard Midia ulikuta majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na alama za kipigo mwilini, mambo yasiyolingana na mtu kujigonga. Inspekta Jenerali Douglas Kanja aliomba radhi mbele ya Seneti kwa taarifa ya kwanza. Lagat alikaa kando kupisha uchunguzi. Kabla mwezi haujaisha, maafisa watatu wa polisi na raia watatu walishtakiwa kwa mauaji, wakakana.

Ziweke kesi hizi mbili ubavu kwa ubavu. Bahir Dar, maneno yaliyopaswa kuondolewa yaliachwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuyasoma kwa haraka. Homa Bay, maneno yalisomwa upesi sana, na aliyeondolewa ni mtu aliyetuhumiwa kuyaandika. Anayesema tuchague kati ya ulinzi na uhuru ananiambia nichague kati ya baba wa Abrham na Albert, mwana wa Meshack Opiyo. Sichagui. Chapisho lina njia ya kushughulikiwa kama chapisho: linapingwa, linasahihishwa, linafutwa, mwandishi wake anashtakiwa kwa madai ya fidia. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo inayohitaji gari la polisi usiku.

Wajua kwamba mahakama zetu zimekuwa zikisema hivyo kwa muda? Aprili 2015 Geoffrey Andare, mtengenezaji wa tovuti, alikamatwa kwa chapisho la Facebook lililomtuhumu afisa wa shirika moja kuwanyanyasa wasichana waliohitaji msaada wa karo. Alishtakiwa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano, kilichoharamisha ujumbe "wa kuudhi mno". Aprili 19, 2016 Jaji Mumbi Ngugi alikifuta kifungu hicho: maneno yake yalikuwa mapana mno, mtu hawezi kujua mapema kama amevunja sheria. Februari 2017 Jaji John Mativo akafuta kosa la jinai la kumharibia mtu jina, katika kesi ya Jacqueline Okuta. Aprili mwaka huohuo, kosa la kudunisha mamlaka ya afisa wa umma nalo likaanguka katika kesi ya Robert Alai. Ndani ya takriban mwaka mmoja, sheria tatu zilizowatia watu pingu kwa maneno zilikuwa zimefutwa.

Hazikukaa nje muda mrefu. Mei 16, 2018 ilitiwa saini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao. Kifungu cha 22 kiliweka adhabu ya hadi shilingi milioni 5 au miaka 2 jela kwa taarifa za uongo. Cha 23 kikapandisha hadi miaka 10 kama uongo huo unaleta taharuki au kuharibu jina la mtu. Chama cha wanablogu, BAKE, kilikimbilia mahakamani na vifungu 26 vikasimamishwa kabla ya mwezi kuisha. Februari 2020 Jaji James Makau akaviruhusu, wanablogu wakakata rufaa. Ni tuhuma ya aina hiyohiyo iliyomfikia Albert Ojwang kijijini. Mimi nasema kifungu cha 23 kilikirudisha kwa mlango wa nyuma kile ambacho Jaji Mativo alikitoa kwa mlango wa mbele.

Oktoba 15, 2025 marekebisho ya sheria hiyo yalitiwa saini. Wiki moja haikupita vizuri, Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu za kifungu cha 27, kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni, baada ya mwimbaji Reuben Kigame na shirika la haki za binadamu la KHRC kulalamika.

Je, wajua ni rahisi kiasi gani kukamatwa kwa kurahisisha maoni ya wananchi? Mei 30, 2025 Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza ukurasa uliomwezesha mtu kutuma barua pepe Bungeni kupinga Mswada wa Fedha. Juni 20 mahakama ilimwachilia huru.

Wajua kwamba WhatsApp haiwezi kuchujwa kama Facebook? Tangu Aprili 2016 ujumbe hufungwa kwa siri kutoka simu hadi simu, na kampuni yenyewe haiwezi kuusoma. Kwa hiyo walibana usambazaji. Januari 2019 waliweka kikomo cha gumzo 5 kwa kila mara unapotuma tena ujumbe; Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukabanwa hadi gumzo moja kwa wakati. Hakuna neno lililosomwa, hakuna mtu aliyenyamazishwa, ila uvumi umepunguziwa kasi. Napenda njia hii kuliko nyingi nilizotaja. Kwa makundi ya koo, ya wachuuzi na ya wazazi wa shule, mchujaji wa kweli ni admini, anayejua nani ni shemeji ya nani na utani umevuka mpaka wapi.

Wakuria wenyewe walikuwa na utaratibu wa kusema hadharani muda mrefu kabla ya simu. Iritongo, mkutano wa jamii, ndipo mtu alipotajwa kwa jina na kutakiwa ajibu mbele ya watu. Inchama, baraza la wazee, lilikaa faraghani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wizi wa ng'ombe ulipozidi, upande wa Kenya uliiga ulinzi wa sungusungu wa Tanzania na iritongo likapata nguvu mpya. Lilikuwa na ukali wake, na wapo walioumizwa. Lakini mtuhumiwa alijua nani anamtuhumu, kwa neno gani, na alisikilizwa kwa lugha yake. Facebook ikikufungia akaunti hupati hata kimoja kati ya hivyo vitatu kwa ukamilifu.

Ng'ambo ya mpaka wamechagua njia ya swichi. Wengi wa mpakani hushika laini mbili, ya Kenya na ya Tanzania, na kwa hiyo wamejionea. Mwaka 2018 Tanzania iliweka kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwanablogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 za huko ili apate leseni, na Juni hiyo JamiiForums, jukwaa la Maxence Melo, likajifunga kwa muda. Oktoba 2020, wakati wa uchaguzi, Twitter ilibanwa. Mei 2025 ikafungwa tena, safari hii kwa jina la X. Septemba 2025 leseni ya JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90. Oktoba 29, 2025, siku ya kura, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, huku watu wakiuawa barabarani. Ndugu wa Kegonga waliopiga simu za data Tarime siku hizo hawakupata jibu.

Uganda? Julai 2018 walianza kutoza shilingi 200 za huko kwa siku kwa kila anayeingia mitandaoni. Januari 2021, Facebook ilipofunga akaunti zilizohusishwa na serikali, serikali nayo ikaifunga Facebook.

Kenya isijisifu haraka. Juni 24, 2024 Mamlaka ya Mawasiliano ilitangaza haina nia ya kuzima intaneti. Kesho yake, waandamanaji walipoingia Bungeni, huduma ilizorota nchini kote. Baadaye mwaka huo Mamlaka hiyo iliagiza Telegram ifungwe wakati wa mtihani wa KCSE, ili kuzuia wizi wa mitihani. Mei 14, 2025 Jaji Bahati Mwamuye alitoa amri ya muda ya kuzuia serikali na kampuni za simu zisiingilie intaneti. Juni 25, 2025 Mamlaka hiyohiyo iliagiza vituo vya televisheni viache kurusha maandamano moja kwa moja na mitambo ikazimwa. Siku hiyohiyo Mahakama Kuu ikaisimamisha amri.

Wapo wanaouliza: kwani Rwanda hamkuiona? Tuliiona. Redio RTLM ilitaja majina ya watu na maficho yao mwaka 1994, na Desemba 2003, hapa jirani Arusha, mahakama ya kimataifa iliwatia hatiani waanzilishi wake Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mhariri wa gazeti, Hassan Ngeze. Soma hukumu hiyo uone walihukumiwa kwa nini: kwa kuchochea mauaji. Ukosoaji wa serikali haukuwa shtaka lao.

Je, wajua kwamba Ulaya mtumiaji akifutiwa chapisho ni lazima aelezwe sababu na apewe njia ya kukata rufaa? Sheria ya Huduma za Kidijitali, iliyoanza kutumika kikamilifu Februari 17, 2024, inaruhusu faini ya hadi asilimia 6 ya mapato ya kampuni duniani. Kampuni hizohizo zinajua basi jinsi ya kueleza sababu. Mkaazi wa Kegonga hana sheria ya namna hiyo ya kuwalazimisha.

Ana vitu viwili hata hivyo. Meta ikikataa ombi lake la mwisho, anaweza kulipeleka kwa Bodi ya Usimamizi, inayokagua maamuzi ya Meta, ndani ya siku 15. Mkenya Maina Kiai alikuwa miongoni mwa wajumbe 20 wa kwanza walioteuliwa mwaka 2020.

Cha pili kiko karibu zaidi. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema mtu yeyote ambaye haki yake imevunjwa anaweza kwenda Mahakama Kuu, na hatatozwa ada ya kufungua shauri. Kanuni zilizotolewa mwaka 2013 na Jaji Mkuu Willy Mutunga zinaruhusu mahakama ipokee barua ya kawaida, au hata malalamiko ya mdomo, ambayo mahakama itayaandika. Mahakama Kuu iko Migori mjini, na nyingine iko Homa Bay.